Matufaha ya Kumzuia Baba

Kitindamlo ni neno nililojifunza shuleni, na tangu hapo sijamsikia mtu akilitamka akiwa na njaa. Kwetu, baada ya wali kinachofuata ni maji ya kunywa, kisha kijiti cha kuchokolea meno, kisha mtu mmoja anasema haya, tulale. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani mimi ni mtu wa oveni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ifakara. Najua kupika wali, majani ya maboga, kambale wa kila namna, na maandazi ambayo mume wangu huyasifu akiwa mbali nayo. Matufaha ya kuoka, yale ya kutoboa katikati na kujazwa vitu vitamu, niliyapika kwa sababu moja tu: nilitaka baba yangu asirudi kijijini kwake Mofu.

Baba alikuja Alhamisi, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea. Alishuka kwenye bodaboda amevaa gambuti, begi moja mgongoni, kiroba cha mchele mapajani, na panga lake limefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Nilimkuta uwanjani nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nimekuja siku mbili tu, Jumamosi narudi. Usianze kulia."

Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Ni heshima kubwa, na ina hasara zake, maana akitaka kunikaidi husema mama yake mzazi naye alikuwa hivi hivi, anapenda kuamrisha, na yeye alimkaidi mpaka akazeeka.

Kilichomleta sikukisikia kwake. Nilikisikia kwa jirani yake, aliyenipigia simu Jumatano kusema ukuta wa nyumba ya baba umeanguka usiku kwa maji, upande wa pili wa alipolala. Nilipomuuliza baba, akasema ukuta haukuanguka, umepumzika, ni mzee. Tangu mama alipofariki anaishi mle peke yake. Magoti yake yanalia akiinuka, macho yanaona vizuri vitu ambavyo hataki kuviona, na masika barabara ya kule ikikatika, imekatika. Niliogopa. Sitaficha hilo kwa mzaha. Niliogopa kwamba simu itakayofuata kutoka kwa jirani yule haitakuwa habari ya ukuta.

Kwa hiyo niliamua kumkalisha vizuri mpaka asahau kuondoka. Nilimpa chumba chenye neti mpya. Nilimwashia televisheni. Nikafungua kabati la sebuleni nikatoa sahani zenye maua, zile tulizopewa siku ya harusi na ambazo watu wa nyumba hii hatuzigusi. Kikombe chenye kisosi. Kijiko kinachong'aa. Akala wali wake wa Alhamisi kwenye ukingo wa kochi, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Kila alipoinuka nilimkalisha. Alitaka kupasua kuni, nikamwambia baba, pumzika, tuna mkaa. Alitaka kuchagua mawe kwenye mchele aliouleta mwenyewe, nikamnyang'anya ungo. Aliona majani nyuma ya nyumba yamefika usawa wa dirisha la choo, akafungua gunia akatoa panga, nikamwambia aache, mume wangu atayafyeka. Mume wangu alikuwa anasikia. Alikuwa ameahidi kuyafyeka tangu mvua za kwanza, na sasa humo ndani mlikuwa na kuku wetu wawili ambao hatujui kama bado ni wetu. Nikalichukua lile panga, nikaliweka juu ya kabati la sahani, mahali ambapo baba hafiki bila kupanda kiti.

"Mama," alisema, "hata mgonjwa huwa anaruhusiwa kugeuka kitandani."

"Kaa, baba. Habari inaanza."

Ijumaa asubuhi nikaliona begi lake limeshafungwa, liko mlangoni. Televisheni haikuwa imefanya kazi yoyote. Ndipo likanijia wazo la matufaha.

Nieleze limetoka wapi. Nilipokuwa na miaka saba nililazwa hospitalini na malaria kali, na baba ndiye aliyekaa na mimi. Mgeni wa mgonjwa wa kitanda cha jirani alinionea huruma akanipa tufaha moja jekundu, la kwanza kuliona maishani. Baba alilikata kwa kisu chake cha samaki, kipande kimoja kimoja, akanilisha lote. Yeye akala kile kiini kigumu cha katikati. Nilimuuliza, baba, tufaha likoje? Akasema lina mbegu chungu. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na alikuwa bado anaamini hivyo, au anajifanya. Nikimletea tufaha husema hana meno. Hilo ni kweli. Ana meno manne, na hakuna mawili yanayokutana. Lakini tufaha lililookwa hulainika hata kwa ufizi, hilo nililiona kwenye simu, mama mmoja mwenye jiko jeupe kuliko sare za watawa anayachota kwa kijiko huku anacheka peke yake. Nikasema na mimi nitacheka.

Matufaha niliyanunua stendi, kwa dada anayeyapangusa kila dakika kwa kitambaa ambacho ningependa kukiona kikifuliwa. Nilichukua sita. Kutoka hapo nikaenda duka la viungo. Mwenye duka ni mzee ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya chumvi, na mpaka leo anaongea nasi watu wa bondeni kwa upole wa mtu anayefundisha. Alikuwa ametoka tu kuswali Ijumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo pilau?"

"Hapana. Nataka mdalasini, iliki kidogo, na zabibu kavu. Napika epo."

Alisimama na kijiko cha iliki hewani.

"Epo haipikwi, binti yangu. Epo huoshwa."

"Hii inapikwa. Inajazwa."

"Ndani yake?"

"Ndani yake."

Akafunga vile viungo kwenye karatasi, taratibu, halafu akauliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia ni ya baba, nataka akae. Akafungua tena ile karatasi, akaongeza zabibu bila kupima, akasema kama ni ya mzazi basi tutafanyaje.

Mume wangu alijua nilipofika nyumbani, naye hoja yake ilikuwa ya kidini. Alisema ni Ijumaa ya Kwaresima, na mtu mzima hawezi kuacha nyama asubuhi halafu jioni akala mambo ya harusi. Nikamjibu kwamba Kanisa limekataza nyama, matufaha halijayasema. Akasema yalisemwa zamani sana, Edeni. Nikamwambia arudi akasome, pale pameandikwa tunda, na kama Hawa angekuwa na mdalasini, Adamu asingemsingizia mtu. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Halafu akaomba kusaidia kumenya. Nikamwambia akae.

Kutoboa tufaha ni kazi ya fundi, na mimi nilikuwa na kisu cha nyanya na kijiko cha chai. Yule mama wa kwenye simu anaingiza chombo, anazungusha, kiini kinatoka kizima kama kizibo. Mimi nilichimba. La kwanza nilitoboa mpaka chini, nikawa na pete. La pili likapasuka. La tatu likaanza kufanana na kitu kinachojulikana, na kuanzia hapo nikawa na manne yenye shimo na sakafu. Nikachanganya karanga za kukaanga nilizozitwanga nusu, zabibu, sukari, mdalasini, iliki na siagi ya kopo, nikashindilia. Lile lililopasuka nililifunga uzi kiunoni likapona. Lile la pete nililila nikiwa nimesimama, nikiangalia ukutani.

Baba alikuwa amekuja mpaka mlangoni mwa jiko. Hakuingia, maana nilikuwa nimemkataza. Alikuwa anaangalia vile viini kwenye sahani ya maganda.

"Hivyo navijua," alisema. "Kumbe huwa mnatupa."

Nikageuka nikawasha oveni.

Ni oveni ndogo ya umeme, mume wangu aliinunua Morogoro mwaka ambao tulidhani tutakuwa watu wa keki. Nikapanga matufaha, nikafunga mlango, taa nyekundu ikawaka, nikavuta kigoda. Harufu ilikuwa inaanza kuja, nami nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kama yule mama wa kwenye simu, umeme ukakatika. Sebuleni televisheni ikanyamaza katikati ya sentensi. Mvua ikasikika vizuri.

Nilingoja robo saa. Nilingoja nusu saa. Nikatoa matufaha, yalikuwa vuguvugu juu na mabichi ndani, siagi imeganda pembeni. Nikasema maneno ambayo mwalimu hayasemi, tena Ijumaa, na nikaanza kulia, nikijua kabisa silii matufaha. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

"Mama, toka hapo," baba alisema.

Alinipita. Hakuniomba ruhusa, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia akae. Alienda kwenye kibanda cha jiko cha nje, akapuliza makaa ya mchana ambayo mimi nilidhani yamekufa, yakaamka. Baba alivua samaki miaka mingi, na kwenye kambi za uvuvi hakuna wanawake, kila mwanaume hupika zamu yake. Mpishi mbaya hutaniwa msimu mzima na msimu unaofuata. Yeye, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kutaniwa.

Akataka sufuria nzito, si ile mpya. Akataka jani la mgomba, nikaenda kukata kwenye mvua. Akalipitisha jani motoni likalegea, akalitandika ndani ya sufuria, akapanga matufaha matano yakibanana mabega, akanyunyiza maji kwa vidole. Akafunika. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa bonde hili anafanya kwenye wali akitaka ukauke vizuri, na ambacho mimi, mtu wa kabati na oveni, sikukifikiria hata mara moja: akapalia makaa juu ya mfuniko.

"Wali, moto sawa juu na chini," alisema. "Haya mageni yako, chini vipande vitatu tu vya makaa. Juu yote."

"Umejuaje?"

"Yana sukari. Sukari inaungua kwa chini. Wewe hujawahi kupika viazi vitamu kambini."

Nikanyoosha mkono nifungue mfuniko kidogo, nione. Akaupiga kofi. Sijapigwa kofi la mkono na baba yangu tangu niko darasa la nne.

Macho yake hayaoni ndani ya sufuria hata ukiifungua, kwa hiyo alipika kwa sikio. Aliinama akasikiliza. Alisema sasa yanalia. Baadaye akasema sasa yananong'ona. Mume wangu naye akatoka na kiti chake, akakaa mlangoni mwa kibanda, kwa sababu harufu ya mdalasini na jani la mgomba ilikuwa imemaliza Kwaresima yake yote. Kulikuwa bado na mwanga baba aliposema yamenyamaza, epua.

Yalikuwa yamekunjamana ngozi, mekundu yameiva kuwa kahawia, katikati yanachemka. Hayakufanana na ya kwenye simu. Lile la kiunoni lilikuwa bado na uzi wake. Nikakimbia ndani nikaleta sahani za maua, nikampa baba lake kwanza, la kwake zima, na kijiko.

Alikula pole pole, kijiko kikigonga sahani, mpaka likabaki gamba la ngozi, akala na ngozi. Mimi langu lilikuwa linapoa, nilikuwa namwangalia yeye.

"Likoje?" nilimuuliza.

Alifikiri.

"Kama kiazi kitamu kilichokwenda shule," alisema. "Si chungu."

Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa na karanga. Mimi nikasema sasa, nikasema haraka kabla sijaogopa, baba, kaa na sisi. Usirudi Mofu kesho. Nitakupikia haya kila Ijumaa.

Aliweka kijiko kwenye sahani, akaigeuza ile sahani polepole, akiyapapasa maua kwa kidole gumba.

"Mama, tangu jana unanilisha kwenye sahani ya kabatini. Mimi nimelea watu, naijua sahani ya kabatini. Ni ya mtu anayeondoka. Kikombe chenye kisosi, cha mtu anayeondoka. Pumzika baba, kaa baba, ni maneno ya mtu anayeondoka. Nami nimejitahidi kuondoka kama ulivyotaka."

Sikulala vizuri. Sote tunaujua msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nimeshautumia kwa mashemeji zangu bila huruma. Huwa tunausema kwa kumfukuza mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba yuko mzee mmoja ambaye alikuwa amekaa kwenye kochi langu siku mbili nzima akisubiri hilo jembe, na mimi namletea vijiko vinavyong'aa.

Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni, gambuti miguuni, begi mgongoni.

"Panga langu liko wapi?" aliuliza.

Nilipanda kiti, nikalitoa juu ya kabati. Sikumpa mkononi. Nilitoka nalo mpaka nyuma ya nyumba, yeye akinifuata kwa hasira, nikalichomeka ardhini mbele ya yale majani. Halafu nikaongea kama mama yake, maana jina hilo kanipa yeye.

"Tangu Alhamisi unayaona majani haya," nilisema. "Unakula wali wangu, unaangalia televisheni yangu. Kuku wamepotea humo. Hakuna mtu anayeondoka hapa na majani yamesimama hivi. Mwanaume gani wewe?"

Mume wangu alikuwa dirishani mwa choo na mswaki mdomoni. Nilimwona akifumba macho. Binti haongei na baba yake hivyo, si Ifakara, si Mofu, si Lupiro ng'ambo ya mto.

Baba aliliangalia panga. Akaniangalia. Akavua begi, akaniwekea mikononi, zito kuliko nilivyodhani. Akalichomoa panga akapitisha kidole kwenye makali.

"Hamna hata tupa ya kunolea nyumba hii?" alisema. "Na chai yangu, usiniletee kwenye kile kikombe cha kisosi. Hakishiki chai."

Nilimletea kwenye kikombe cha plastiki cha kuogea watoto enzi zile, chenye mpini ulioungua. Kufikia mchana tulikuwa na kuku wawili na mayai kumi na moja ambayo hayafai kusemwa. Jioni akanituma stendi kununua matufaha mengine, kwa sababu yale ya Ijumaa, alisema, moto wa juu ulichelewa, na yeye hataki watu wa mjini wamzoee kwa kazi mbaya.

Kesho yake baada ya misa akaja katekista wetu. Alikuwa amesikia habari za matufaha. Alikaa kwenye kochi, akala tufaha moja, akasifu, akala la pili, kisha akaanza kutueleza upya mahubiri ya siku hiyo, kwa kirefu kuliko padri, na kila alipofika mwisho alikumbuka jambo. Wali ulikuwa umeshaiva, na yeye hakuonyesha dalili ya kusimama. Nikaenda kupakua. Baba akanifuata jikoni, ameshika sahani yake ya plastiki iliyoyeyuka ukingo, ile aliyoichagua mwenyewe.

Nilikuwa nimemchukulia katekista sahani ya plastiki kama zetu. Baba akaiondoa mkononi mwangu. Akarudi sebuleni akafungua kabati kwa mkono wake, akatoa ya maua, akaifuta kwa shati, akaniletea.

"Huyu mpe hii," aliniambia kwa sauti ya chini. "Aondoke."